Kisu Kilichoota Dagoretti

Kisu changu cha zamani kiliuawa na mke wangu. Yeye anasema kilikufa chenyewe kwa uzee. Lakini mimi nilikikuta kimevunjika kando ya mkebe wa rangi, mfuniko wa mkebe umepinda, na rangi kwenye mlango wa choo bado mbichi. Sasa mtu aamue mwenyewe.

Kilikuwa kisu kifupi. Fundi wa jua kali alinichongea kutoka kipande cha msumeno wa chuma, wakati huo nikiwa kibarua wa mjengo, na mpini wake ulikuwa mti tu uliozungushiwa mpira wa baiskeli. Nilimenyea miwa, nilikatia kamba, nilikatia sungura majani, na siku moja nilitolea mwiba kwenye kisigino cha mchungaji wetu. Ni mtu mzito yule. Alitoa maneno ambayo hayamo katika kitabu cha nyimbo. Lakini hayo ya mchungaji niyaache, yuko hai na anasoma.

"Jikoni kuna visu," mke wangu aliniambia nilipoanza kununa.

Jikoni kuna visu, ndiyo. Vya jikoni ni vya jikoni. Kisu cha jikoni ukikitia mfukoni kinatoboa suruali, halafu kinaanza kutafuta paja. Mzee wa umri wangu anataka kisu ambacho anaweza kukaa nacho kwenye kiti cha kanisa bila kukaa upande. Nikaondoka, maana mtu aliyetoka kuua kisu si mtu wa kubishana naye siku hiyo.

Basi nikakaa bila kisu mpaka mwana wetu wa mwisho alipotuletea habari zake. Huyu ni mtu mzima, anafanya kazi mjini katika jengo la vioo, kazi ambayo amenieleza mara nyingi na mimi huitikia kwa kichwa. Alikuwa amepata msichana wa Dagoretti, Mkikuyu. Sisi ni Waluhya, tulikuja Nairobi zamani tukaota mizizi Waithaka. Mazungumzo ya wazee yalikuwa yamekwisha, mbuzi wamekwenda, soda zimenywewa. Ilibaki siku ya bega.

Kwa Wakikuyu ndoa haijakaa sawa mpaka kijana akate bega la mbuzi mbele ya watu, kwenye kiungo, halafu amlishe msichana. Wote wanaangalia. Akikata vizuri, ameoa. Akikata vibaya pia ameoa, lakini hatasahau.

Taabu ni kwamba baba wa msichana alikuwa amefanya kazi katika machinjio ya Dagoretti mpaka magoti yakamkataa. Na katika boma lake kulikuwa na mchezo. Kijana huja mikono mitupu, kisu hutoka kwa wenyeji, na kisu hicho huwa butu kama kijiko. Mkwe aliyetangulia, mume wa dada mkubwa, alilisugua lile bega mpaka jasho likadondokea kwenye sinia. Tangu siku hiyo wanamwita Msumeno. Ana watoto sasa, ana gari, ana kitambi cha heshima, na akiingia kwenye boma lile hata watoto wadogo husema, Msumeno amekuja.

Mwana wangu alinieleza hayo akicheka, lakini alikuwa anacheka kwa mdomo tu.

"Baba, mimi nyama nanunua ikiwa imekatwa," akasema. "Iko kwa plastiki."

Hapo nikaona kazi yangu. Mtoto alihitaji kisu kidogo cha siri, chenye makali, ambacho ningempenyezea pale pale. Na nitasema ukweli kwa kuwa mke wangu hasomi vitu virefu: nusu ya wasiwasi ilikuwa ya mtoto, nusu nyingine ilikuwa yangu. Nilikuwa nimepata sababu ya kununua kisu ambayo hakuna mwanamke angeipinga.

Mtoto alitaka kuniagizia kwenye simu kile cha kukunja. Nikamwambia hapana. Cha kukunja niliwahi kuazima, nikakatia mua, kikaona kazi ni nyingi kikajikunja, kikakuta kidole changu ndani. Tena mafuta ya nyama yakiingia kwenye ile bawaba yake hayatoki, mwezi ukiisha unanuka mfukoni kama bucha. Kisu kiwe kimoja, kisimame, kisiwe na magoti. Magoti yanaharibika, mimi ninajua na baba wa msichana anajua.

Nikaenda mjini, nikaingia duka la mzee mmoja Kalasinga, mwenye kilemba, upande wa chini wa mji, duka jembamba lenye kufuli, koleo, misumari na harufu ya grisi. Nimemjua tangu nywele zangu nyeusi na ndevu zake nyeusi. Mwanawe alihamia Westlands na biashara ya vigae, akamwambia baba pumzika. Mzee akakataa kupumzika. Alinitazama juu ya miwani.

"Wewe nataka kisu ya nini?"

"Ya kutembea nayo. Na ya kukata bega."

"Bega ya nani?"

"Ya mbuzi."

"Sawa. Kama ya jirani, mimi hapana uza."

Akaniwekea visu juu ya kaunta, kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa kirefu na kina meno mgongoni, cha watu wa sinema. Nikamwambia kisu kirefu kinakata hewa nyingi kabla hakijafika kwenye nyama. Cha pili kilikuwa kizuri kwa macho, lakini nilipokipigapiga mpini kwa kucha kikalia kama debe. Hiyo maana yake chuma kimeingia kidogo tu kwenye mpini, kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti, na siku ya kazi kitaondoka. Mimi nataka chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, nikione kwa nyuma.

Cha tatu mpini wake ulikuwa laini unang'aa. Nikamwomba mafuta.

"Mafuta ya nini?"

"Nipake mkono. Nyama ina mafuta."

Alinipa grisi ya baiskeli, akiguna. Nikapaka, nikashika, kikateleza kama kambare. Nikarudisha. Kingine ncha yake nyembamba mno, ingekatika kwenye mfupa. Kingine ala yake ya kitambaa, na ala ya kitambaa hunywa damu. Wakati huo wateja wawili walikuwa wameingia na kununua misumari na kutoka, na mmoja alikuwa amerudi kubadilisha misumari.

Halafu akatoa kimoja kutoka chini ya kaunta, kimefungwa gazeti. Makali yake urefu wa kiganja changu, si zaidi. Mgongo mnene, tumbo limepinda kidogo, chuma kinaonekana mpaka mkiani, mpini wa mti mgumu wenye mikwaruzo ya kushikika, ala ya ngozi nene. Nilikishika kikanyamaza mkononi. Ni kitu cha kuamini, kisu kinachonyamaza. Nikapitisha kwenye nywele za mkono wangu, zikaanguka.

"Wewe nanyoa kwa duka yangu," mzee akasema.

"Na wewe chako kiko wapi?" nikamwuliza, maana najua watu wa dini yake hubeba kidogo kiunoni.

Alipapasa shati upande. "Iko. Lakini hii yangu ni ya Mungu. Hapana kata bega."

"Hata kidogo?"

"Tomato, mara moja," akasema kwa sauti ya chini. "Bibi nilikuwa hapana nyumbani."

Tukavutana bei kama desturi, akaniambia mimi ni mtu mbaya, nikamwambia yeye ni mbaya zaidi, tukaagana vizuri. Nilipotoka niliona uso wangu kwenye kioo cha duka la jirani, nikaona aibu. Mzee mzima anatabasamu barabarani kama aliyependwa.

Kosa langu ni kwamba nilikwenda moja kwa moja kwa mwana wangu kazini. Pale mlangoni kuna askari na kile kijiti cha kukagua watu. Kijiti kilipofika kwenye koti langu kilipiga kelele, mama mmoja nyuma yangu akarudi hatua.

"Mzee, uko na nini?"

"Kisu."

"Unaenda kukata nani huko juu?"

"Huko juu hakuna wa kukatwa. Wote wamekonda."

"Leta hapa," akasema, akanyosha mkono.

Sasa hapo nieleze. Kwetu kisu hakitoki mkono kwa mkono. Ukimpa mtu kisu mkononi, umempa na ugomvi. Unakiweka chini, yeye anaokota mwenyewe, na kama kuna ugomvi unabaki na udongo. Mama yangu alikuwa hivyo, mama yake alikuwa hivyo, na mimi sitaanza ujuaji leo. Basi nikainama, nikakilaza sakafuni, kwenye yale marumaru yao, ndani ya ala yake. Mama wa nyuma akarudi hatua nyingine. Yule askari alikitazama kisu, akanitazama mimi, uso ukalainika.

"Mzee, kumbe wewe ni wa kwetu," akasema, akainama akaokota. Akakitia kwenye droo yake mpaka tuliposhuka, na wakati wa kunirudishia alikiweka sakafuni vizuri kabisa.

Mwana wangu aliyaona hayo ya kurudishiwa. "Baba, mnaaibisha watu," akaniambia nje. "Hiyo mambo ya kuweka kisu chini iliisha."

Nilimpeleka Kenyatta Market kufanya mazoezi. Tukaagiza mkono wa mbuzi kwa mchoma nyama mmoja, nikamwambia asiukate, atuletee mzima kwenye ubao. Nikaweka kisu mezani. Mtoto akakichukua, akaivamia ile nyama kama mtu anayefukuza nyoka. Mchoma nyama alikuja akasimama, mikono kiunoni.

"Boss, hiyo mbuzi ilishakufa," akasema. "Wacha kuipiga."

Wasusi wa kibanda cha mbele walikuwa na kichwa cha mtu katikati ya mikono yao. Wote walicheka, na mwenye kichwa akacheka nao. Mwana wangu akatoa jasho la ofisi. Akaweka kisu chini.

"Baba, nikifanya hivi kule wataniita nani?"

"Msumeno wameshampa mtu," nikasema. "Wewe watakutafutia jipya. Wale ni watu wa bidii."

Hakucheka. Nikaona nimetania mahali pabaya. Nikahamisha kiti, nikashika kidole gumba chake, nikakipitisha juu ya nyama. Nikamwambia nyama ni kama nyumba, mjinga anabomoa ukuta, mwenyeji anatafuta mlango. Sukuma kidole hivi. Umesikia pale panapobonyea? Huo ndio mlango. Sasa ncha iingie, halafu uuzungushe mkono wa mbuzi, usizungushe kisu. Akajaribu, akakosa. Akajaribu tena. Mara kile kiungo kikasema tak, mkono ukafunguka wenyewe, akanitazama kwa macho ya miaka ile alipojifunza baiskeli. Kisu hakikuteleza hata kidogo, na mafuta yalikuwa yamefika kwenye viwiko. Tulikula mazoezi yote. Nikajisemea, hiki ndicho.

Siku yenyewe ikafika. Boma la Dagoretti lilikuwa limefungwa hema, nyasi zimekatwa fupi, viti vya plastiki vimepangwa, shangazi zake msichana wamekaa mbele kama majaji. Kisu kilikuwa ndani ya koti langu, upande wa moyo. Mke wangu alikuwa kando yangu na kofia yake ya harusi.

"Umekaa kama mtu mwenye mayai mfukoni," akaninong'oneza.

Wakaweka sinia mezani, limetandikwa majani ya mgomba, bega limelala juu. Wakaleta na kisu cha nyumba, kimefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Mwana wangu akakichukua, akatafuta mlango kwa kidole kama nilivyomfundisha, akaupata, akasukuma. Wapi. Ngozi ilikunjamana tu. Akasukuma tena. Mafuta yakatoka, kisu hakikuingia.

"Anapiga nyama pasi," shangazi mmoja akasema.

"Mwache. Bado upande wa pili haujanyooka," mwingine akajibu, na hema lote likacheka. Niliona Msumeno kwenye viti vya pembeni, amekaa mbele kabisa ya kiti, uso umejaa matumaini.

Nikainuka, nikajifanya ninakwenda kufunga kamba ya kiatu karibu na mtoto. Kitambaa cha meza kilifika chini, angetia mkono tu upande wangu, ningempa, hakuna ambaye angeona. Mkono wake hata ulikuja. Nami nilikuwa nimekishika tayari, nimekitoa kwenye ala. Halafu nikashindwa. Siku ya ndoa yake, nimkabidhi mtoto wangu kisu mkono kwa mkono? Nimpe ugomvi pamoja na mke? Nikakilaza kwenye nyasi kando ya kiatu chake, nikakohoa.

Alinitazama, hakutazama chini. Nikakohoa tena. Akanipa glasi ya maji.

Ndipo kiatu kikaja. Kiatu kikubwa cheusi, kimepigwa rangi, kikashuka polepole juu ya kisu changu na kusimama hapo. Nikapandisha macho kwenye suruali, kwenye magoti yaliyokataa, mpaka kwenye uso wa baba wa msichana.

"Mzee mwenzangu," akasema taratibu. "Hapa chini kuna nini?"

"Nyasi."

"Na hii inang'aa?"

Watu walikuwa wameanza kunyamaza. Nikisema ni changu, nimeleta kisu cha siri kwenye ndoa, na mtoto wangu si Msumeno tena, ni mdanganyifu, jina ambalo halichekeshi. Ulimi wangu ukajitafutia njia wenyewe, kama kawaida yake.

"Imeota," nikasema.

"Imeota."

"Mvua imekuwa nzuri."

Mke wangu alifunika uso na kofia. Yule mzee akainama, na kuinama kwake kulichukua muda, akakiokota. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, kwa upande, kama wafanyavyo watu wa machinjio. Akakigeuza akaona chuma mpaka mkiani. Akakipima uzito. Uso wake ukabadilika, nami niliujua uso huo, niliuona kwenye kioo cha duka mjini.

"Kitu ikiota kwa shamba yangu," akaniuliza, "hiyo ni ya nani?"

"Ni ya mwenye shamba," nikasema, na neno lilipotoka ndipo nilipojua nimejikata.

Alinyosha mgongo akawageukia watu. "Huyu kijana tumemsumbua vya kutosha. Wacha akate na kisu ya shamba yangu." Akamnyoshea mwana wangu, mpini mbele.

Mwana wangu hakunyosha mkono. Yule wa mambo yaliisha, yule wa mnaaibisha watu, alisimama pale na mikono pembeni mbele ya hema zima. Mzee akashangaa. Shangazi wakatazamana.

"Naomba uiweke hapo kwa majani, baba," kijana akasema kwa adabu. "Kwetu tunaokota."

Mzee alinitazama mimi, kisha nyasi, kisha mimi. Nadhani hapo alielewa kila kitu. Akakiweka juu ya majani ya mgomba. Mwana wangu akaokota, kidole kikatafuta mlango, ncha ikaingia, akazungusha, na kiungo kikasema tak, hema likiwa kimya kiasi kwamba hata wa viti vya nyuma walisikia. Akamkatia msichana kipande, akamlisha, akina mama wakapiga vigelegele. Msumeno alirudi nyuma kwenye kiti chake. Alipiga makofi, lakini ya mtu aliyebaki peke yake kituoni.

Kijana akafuta kisu kwa jani, akakilaza kwenye sinia. Mzee akaokota. Akakitia ndani ya koti lake, upande wa moyo. Nami nilibaki na ala tupu mfukoni, na chakula kilikuwa kizuri sana lakini sikukisikia.

"Kisu chako kiko wapi?" mke wangu aliniuliza tulipofika nyumbani.

"Kimeolewa."

Alicheka mpaka akaketi. Nilimkumbusha mkebe wa rangi, akacheka zaidi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutembelea wakwe. Watu wa Waithaka wananisifu, wanasema mzee yule ana upendo. Ninakwenda, tunaketi nje, yeye anamenya mua na kisu changu huku akinitazama, halafu anakilaza kwenye kigoda katikati yetu. Siku hizi anakilaza, hanipi mkononi. Siku moja nilipokishika nikaona kimeanza kuwa butu. Tena ni mtu wa machinjio! Nikaomba jiwe, nikakinoa, maana kosa la kisu liko wapi.

"Unajua," akaniambia nikinoa, "kila asubuhi naangalia hii nyasi. Hakuna ingine imeota."

"Ardhi imechoka."

"Ama mbegu ilikuwa moja?"

Niliendelea kunoa. Nilijua anataka nini. Niseme neno moja tu, changu, na angenipa hapo hapo, halafu katika kila harusi ya ukoo wao ningesimuliwa mpaka mwisho wa dunia. Nilikifuta, nikakilaza kwenye kigoda, akaokota.

Nikarudi kwa mzee Kalasinga. Alichukua muda kunielewa, na alipoelewa alilazimika kuvua miwani afute machozi ya kicheko. Kingine kama kile hakikuwepo. Akanipa ndugu wa kile, mfupi kidogo, mpini si mbaya. Safari iliyofuata nilikwenda nacho Dagoretti, tukaletewa miwa, nikakitoa kwenye ile ala ya zamani, ambayo inakipwaya, nikakilaza kwenye kigoda kando ya kile.

Mkwe wangu alivitazama vyote viwili.

"Hii nayo imeota wapi?"

"Waithaka," nikasema. "Huko pia imenyesha."

Akaguna, akaokota chake, nikaokota changu, tukamenya. Chake bado ndicho kizuri zaidi.